Bi Rukia Alivyounyoosha Moyo Wake kwenye Sinia

Nisikilizeni, wanangu mnaojifunza kupima moyo, na hasa nyinyi mlioanza kuujenga moyo wa mtu mmoja mmoja ndani ya kompyuta. Sitawachosha na tarehe, maana nyingi nimezisahau. Ninachokumbuka ni mikono ya watu, na karatasi, na sinia moja la bati ambalo nusura linifanye nimpoteze mama wa watu.

Mwezi uliopita Dama, binti wa kaka yangu, ambaye ni mmoja wenu, alikuja kunitembelea Dabaso akaweka kompyuta yake juu ya meza ya chakula. Akanionyesha moyo unaozunguka polepole kwenye kioo. Haukuwa moyo wa kitabuni, ule mwekundu uliokaa vizuri ambao hakuna mtu duniani aliye nao. Ulikuwa wa mgonjwa mmoja, umejengwa kwa picha za skani zake mwenyewe, kila ukuta na unene wake, kila kovu mahali pake. Dama akabonyeza, na umeme ukaanza kutembea juu ya ule moyo. Ulipofika kwenye kovu ulikata kona, ukarudi ulikotoka, ukawa unazunguka hapo hapo bila kutoka. Akaniambia kwamba hapo ndipo mapigo ya huyu mtu yanapoharibika. Kisha akaunguza kidoa kidogo kwenye kioo, mzunguko ukakatika. Daktari hujaribu huko kwanza, hata mara kumi akitaka, kabla hajapitisha waya wa kuunguzia kwenye mshipa wa paja la mgonjwa mwenyewe.

Nikasogeza kiti karibu na meza. Dama akaniuliza, "Shangazi, enzi zenu mlikuwa na kitu chochote cha namna hii?"

"Tulikuwa na sinia," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namtania. Basi niliyomsimulia yeye siku ile ndiyo ninayowaandikia.

Miaka ya themanini nilifanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Malindi. Mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwa moja, na mtu aliyeijua alikuwa mmoja, Bwana Athumani, aliyetoka Mombasa. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na aliongea na ile mashine kwa adabu kama mtu anayeongea na mama mkwe. Tatizo lilikuwa kwamba nusu ya wagonjwa wake walikuwa wanawake, na wanawake wa Mambrui na Malindi mjini hawakuwa tayari kumfungulia kifua mwanamume, hata awe na miwani ya uzi. Wengine walipimwa juu ya nguo, na karatasi ikatoka na mikwaruzo mitupu. Ndipo nilipoitwa kutoka chumba cha mafaili, nikaambiwa nijifunze. Sifa yangu kubwa ilikuwa ni kwamba mimi ni mwanamke.

Bwana Athumani alinifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye kile kijitabu cha mashine. Mafuta ya nazi, aliniambia, ndiyo adui yetu wa kwanza. Mama akienda hospitali huoga, hujipaka mafuta ajitengeneze, nasi tukifunga vibati vyetu vya chuma juu ya mafuta hayo, umeme haupiti. Kwa hiyo futa kwa sabuni, kisha weka kitambaa cha maji ya chumvi. Adui wa pili ni pangaboi. Likizunguka, umeme wake huingia kwenye karatasi na mstari huota manyoya. Ulizime, na mgonjwa akilalamikia joto, mpepee mwenyewe kwa kipepeo cha ukili. Na mtu akikwambia moyo unamuuma, mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja. Wengi wataonyesha chembe cha moyo, pale juu ya tumbo, na kumbe shida yao ni pilipili.

Nilikosea sana mwanzoni. Siku moja nilimpima nahodha mmoja wa Ngomeni nikiwa nimesimama upande wa kichwa chake badala ya miguuni, nikafunga waya wa kulia kwenye mkono wa kushoto na wa kushoto kwenye wa kulia. Karatasi ikatoka chini juu. Daktari Karisa, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wetu, alikaa karibu nusu saa akimsikiliza yule mtu kifua upande wa kuume, akiutafuta moyo uliohama. Nahodha alitoka akiwaambia watu wote wa barazani kwamba madaktari hawajui moyo ulipo. Tangu hapo, kabla ya kufunga waya humwambia mgonjwa, "Nipe mkono unaolia chakula," na hungoja aunyanyue mwenyewe. Hata leo ningewashauri mfanye hivyo.

Lakini kosa hilo lilikuwa la kuchekesha tu. La Bi Rukia halikuwa hivyo.

Bi Rukia alikuwa mwanamke wa Mambrui, umri wake kama miaka arobaini, na kama mlikuwa mkioa au kuolewa upande ule zamani zile, mlimjua. Yeye ndiye aliyeongoza wanawake wanaopiga vugo harusini, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa kijiti. Wanawake thelathini wangeweza kugonga pamoja, na mmoja akichelewa hata kwa nukta, Bi Rukia hugeuza shingo akamtazama, na huyo mtu hakosei tena mpaka bwana harusi afike. Alikuja kwetu na wifi yake, Mwanaisha, dada wa mumewe. Mwanaisha alikuwa mnene, mpole, mcheshi, na alijulikana Mambrui nzima kwa jambo moja, kwamba hana mkono, yaani hawezi kushika mdundo. Alikuwa amekatazwa kushika pembe katika harusi yoyote. Alipewa kazi ya kunyunyiza marashi.

Shida ya Bi Rukia ilikuwa ni moyo kwenda mbio. Ulianza ghafla, ukaenda kwa muda, ukaacha ghafla. Kila alipofika hospitali ulikuwa umeshatulia. Nilimpima mara tatu, na mara zote karatasi ilitoka imetulia, mapigo yamepangana. Mashine yetu haikuweza kupima kilichokwisha kupita.

Hapo nikapata wazo ambalo nililionea fahari sana. Siku hizo nilikuwa nimeshajifunza kwamba moyo unaokwenda mbio huenda kwa namna nyingi, na mbili kati yake ni muhimu sana kuzitenganisha. Kuna mbio zinazolingana. Hapo umeme umepata kinjia cha pembeni unazunguka humo, kama ule wa kwenye kioo cha Dama, na mapigo ingawa ni ya haraka yote yako sawa. Mara nyingi hizi hutisha kuliko zinavyodhuru, na zamani zile tulimfundisha mgonjwa kujimwagia maji baridi usoni au kukaza tumbo na kuzuia pumzi, nazo zikakatika. Na kuna mbio zisizolingana kabisa. Hapo vyumba vya juu vya moyo haviminyi tena damu, vinatetemeka tu, na mapigo hutoka ovyo, moja karibu, moja mbali. Hizo ni hatari. Damu hutuama katika chumba kinachotetemeka, ikaganda, na kipande kikichomoka kikapanda kwenye ubongo, mtu hupooza.

Kwa hiyo nilikwenda jikoni kwa wapishi nikaazima sinia, nikaliweka mapajani mwa Bi Rukia. Nikamwomba anipigie moyo wake, vile unavyokwenda ukimshika.

Alinitazama kama kwamba nimemwomba aimbe msibani. Kisha akaliweka sawa lile sinia, akaligusa kwa vidole viwili, na akapiga. Wanangu, niliacha kuandika. Ulikuwa mwendo wa haraka, mwepesi, kila pigo mahali pake, hakuna lililoteleza. Wagonjwa wengine wawili pale nje walianza kutikisa vichwa. Daktari Karisa alitoka chumbani mwake akasimama mlangoni kusikiliza.

"Umesikia hiyo?" akaniambia. "Hiyo ni saa."

Nikaandika kwenye faili lake: mbio za kulingana. Daktari akamweleza mambo ya maji baridi na kukaza tumbo, akamruhusu aende. Wakati wakiondoka Mwanaisha alibaki nyuma kidogo, akaniambia taratibu kwamba yeye humsugua wifi yake mgongo moyo unapomshika, na mkononi mwake haukuwa ukija hivyo. Bi Rukia alimsikia.

"Mwanaisha, hata moyo wangu wataka kunifunza kuupiga?"

Sote tulicheka. Mimi nilicheka zaidi kuliko wote, na hilo nimelibeba mpaka leo.

Baada ya majuma kadhaa walirudi. Bi Rukia hakuja kwa ajili ya moyo. Alikuja kwa ajili ya mkono. Katikati ya harusi, mchana kweupe, pembe ilimponyoka mkono wa kushoto ikaanguka, na alipotaka kuiokota vidole havikumtii. Mdomo pia ulikuwa mzito. Wenzake wakamweka mkekani. Kwa muda wa kupika wali mkono ulikuwa si wake, kisha ukarejea polepole, akaweza tena kukunja ngumi. Alipoingia kwetu alikuwa anakunja na kukunjua, anakunja na kukunjua, hakuuacha ule mkono hata tulipokuwa tukiamkuana.

"Moyo na uniue ukitaka," aliniambia. "Lakini mkono huu, mtoto wa Dabaso, mkono huu nautaka."

Nikafungua faili lake. Mbio za kulingana, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na chini yake nimepiga mstari. Mbio za kulingana hazileti jambo kama lile. Nilikaa nikalitazama neno "kulingana" mpaka likanipotezea maana. Kisha nikamkumbuka Mwanaisha na mgongo.

Nilimwita. Nikamwambia aweke kiganja juu ya sinia, afikirie mgongo wa wifi yake siku ya harusi, agonge alichokuwa akikihisi. Akaona haya. Akagonga mawili karibu, akangoja, akagonga moja, kisha matatu ya kufukuzana, kisha akangoja tena. Bi Rukia alifumba macho kwa maumivu, na hayakuwa ya moyo.

Sasa fikirieni nilipokuwa. Upande mmoja nina mpiga vugo bora wa pwani ile anayeniambia mapigo yamepangana. Upande wa pili nina mwanamke asiyeweza kupiga makofi mawili yakafanana. Nimwamini nani? Bwana Athumani alikuwa pembeni akifuta vibati. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya Mwanaisha, akamwambia ashike kifundo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili agonge sinia kila anapohisi pigo.

Mwanaisha akashika. Akagonga. Na sinia likatoa mapigo yaliyopangana, moja baada ya moja, taratibu kama moyo wa mzee aliyetulia. Bi Rukia akafumbua macho. Alikuwa hajawahi kumsikia wifi yake akipiga kitu kikakaa sawa maishani mwake.

Bwana Athumani akaurudisha mkono wake. "Huyu hana mdundo wake mwenyewe," akasema, "ndiyo maana wa mwenziwe wapita kwake vile ulivyo."

Hapo ndipo nilipofahamu. Bi Rukia hakudanganya. Alikuwa ameuhisi moyo wake ukirukaruka, lakini mkono wake, uliofundishwa tangu utotoni kutovumilia pigo lililoteleza, uliupanga moyo kabla haujafika kwenye sinia. Aliunyoosha bila kujua. Alinipa moyo wake jinsi ambavyo ungepaswa kupiga, nami nikauandika.

Daktari Karisa alisikiliza habari yote bila kunikatiza. Hakunifokea. Aliniomba nilete zile karatasi tatu za mwanzo, akaziweka dirishani, na tukainama wote. Mnajua kwamba kabla ya ule mnara mrefu wa kila pigo kuna kilima kidogo, ambacho ni vyumba vya juu vikikaza. Vilima vya Bi Rukia vilikuwa vipana na kila kimoja kilikuwa na migongo miwili. Hiyo ni dalili ya chumba cha juu cha kushoto kilichotanuka kwa kusukuma damu kupitia mlango uliobana. Vilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeviona, nikadhani ni mafuta ya nazi. Daktari naye alikuwa ameviona, kisha akalisikia lile sinia, na sinia likamtoa shaka.

Akamlaza wodini ili tuudake moyo ukiwa kazini. Siku ya pili asubuhi, Bi Rukia akiwa anamgombeza Mwanaisha kwa kutia sukari nyingi kwenye uji, alinyamaza katikati ya neno akashika kifua. Mwanaisha alinipigia kelele dirishani. Nikaja na kigari cha mashine nikikimbia, pangaboi likazimwa, sabuni, maji ya chumvi, vibati. "Nipe mkono unaolia chakula," nikasema, nikangoja aunyanyue mwenyewe.

Kalamu ya mashine ikaanza kuchora. Vilima vidogo havikuwepo tena, palikuwa na mawimbi mawimbi tu. Na minara mirefu ilitoka ovyo, hakuna pengo lililofanana na jirani yake. Nilitoa karatasi ndefu, kiasi cha kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Moyo ulipotulia, Bi Rukia aliitaka ile karatasi. Alikuwa hajasoma herufi za kizungu lakini alijua ni habari zake. Akaniambia nimpigie, yaani niisome kwa sinia. Basi nikaitandaza kitandani, nikafuata minara kwa jicho, nikagonga polepole, kila mnara pigo moja, kila pengo na urefu wake. Bi Rukia aliinamisha kichwa akasikiliza moyo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Si mimi huyo," akasema. "Huyo ni Mwanaisha."

Mwanaisha alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha Bi Rukia akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo kama alikuwa amesema uwongo siku ile ya kwanza. Nikamwambia hapana, mwenye kosa ni mimi, nilimsikiliza mtu mmoja na nilipaswa kusikiliza wawili.

"Mkono ulikataa kukosea," akasema.

Alianza dawa ya kupunguza mbio za moyo na nyingine ya kuzuia damu isigande, na akapelekwa Mombasa, ambako walithibitisha mlango wa moyo uliobana tangu homa aliyougua utotoni, baadaye wakaupanua. Mkono wake ulibaki wake. Alipiga vugo miaka mingi baada ya hapo, kwenye harusi yangu pia, na mkono wa kushoto haukuangusha kitu. Mwanaisha alinyunyiza marashi. Lakini kila mwezi, dawa zilipokaribia kwisha, ni Mwanaisha aliyekaa nyuma ya wifi yake na sinia, kiganja kimoja mgongoni, akagonga alichohisi, nami nikaandika. Bi Rukia hakumruhusu mtu mwingine afanye kazi hiyo. Alisema mwingine angemnyooshea mapigo.

Nilipomaliza kumsimulia Dama, alifungua tena ile kompyuta. Akanionyesha kitufe kimoja ambacho husafisha mstari wa mapigo kabla haujaingia katika ule moyo wa kioo. Huondoa mtetemo wa misuli, wa umeme wa nyumba, na mambo mengine yasiyotakiwa. Kitufe kizuri, tungekuwa nacho, lile pangaboi lisingetusumbua. Nikamwuliza kama anajua ni nini hasa kilichoondolewa kwa mgonjwa huyu. Akasema hajawahi kutazama. Akaleta mstari wa mwanzo, ule mchafu, akauweka juu ya ule safi, na tukakaa tukaitazama yote miwili mpaka chai ikapoa.

Msinielewe vibaya, wanangu. Nilifurahi sana kuona ule moyo wa kioo. Ungekuwepo wakati ule, ungemsaidia Bi Rukia kuliko mimi na sinia langu. Lakini sinia la Bi Rukia nalo lilikuwa mfano wa moyo wake yeye peke yake, uliotengenezwa na mkono hodari kabisa, na uhodari wenyewe ndio uliouharibu. Kompyuta yenu ina mkono hodari kupita wa Bi Rukia. Itawapa mapigo mazuri, yaliyopangana, na mtakuwa na haraka, na mtapenda kuamini.

Basi fanyeni hivi. Kabla hujawasha mashine yoyote, shika kifundo cha mkono wa mgonjwa wako, tazama saa, hesabu dakika nzima, si robo dakika ukaizidisha mara nne, na uandike ulichokihisi vile vile kilivyokuja.